Siku mbili za picha, siku moja ya mjusi

Tulikwenda Berlin mwezi wa Aprili, marafiki wa kike wanne, tukiwa na orodha ya vivutio 14 vya kumaliza kwa siku mbili. Orodha ilikuwa ya Kamanda. Jina hilo tulimpa tangu tuko bweni na hajawahi kulikataa. Mwenyeji wetu, muuguzi ambaye Ujerumani ameizoea mpaka baridi yake, aliisoma kwenye simu, akamrudishia na kusema tu, "Haya, vaeni viatu vya kutembelea."

Niseme mapema ninachoamini, anayetaka kubisha abishe: orodha ya namna ile inaua safari. Mnatembea kama watu wanaokusanya madeni. Mkifika, mnapiga picha, mnaondoka, na jioni ukiulizwa umeona nini unafungua simu ili ukumbuke.

Siku ya kwanza tulianzia Lango la Brandenburg. Lango lenyewe zuri, sina ugomvi nalo. Lilijengwa kati ya 1788 na 1791, na juu yake kuna gari la farasi wanne wa shaba. Kamanda alitusomea kwamba mwaka 1806 Napoleon aliwashusha wale farasi akaenda nao Paris kama nyara za vita, na mwaka 1814, alipokwisha kushindwa, Wajerumani wakawarudisha nyumbani. Tukasema "ehee", tukapiga picha, tukapita. Hilo la farasi lishike, nitalirudia.

Kutoka hapo ni hatua chache hadi kwenye kumbukumbu ya Wayahudi waliouawa: matofali makubwa ya zege 2,711, ya kijivu, mengine ya kukaliwa, mengine yanakupita kimo. Kamanda alitaka tupande juu tupige picha ya pamoja. Mwenyeji alimshika mkono. "Dada, hapa hapachekewi." Tukaingia katikati bila simu, kila mmoja na njia yake, kwa sababu vichochoro vile havipitishi watu wawili bega kwa bega. Ardhi inashuka taratibu, sauti za magari zinapungua, na unajikuta umebaki peke yako. Ndani ya siku zile mbili, ndipo mahali pekee nilipohisi nimefika.

Mengine nitayapitisha haraka. Mnara wa televisheni, mita 368, tuliutazama kutoka chini kwa sababu foleni ilikuwa ndefu. Mabaki ya Ukuta wa Berlin yaliyochorwa picha, zaidi ya kilomita moja, tuliyapita karibu tunakimbia. Na treni ya chini ya ardhi ilitutia adabu: stesheni hazina mageti, unashuka na kupanda kama unaingia sokoni, lakini tiketi ya karatasi lazima uigonge muhuri kwenye mashine kabla ya kupanda. Mimi sikugonga. Mkaguzi alivaa koti la kawaida tu, nikadhani ni abiria mwenzangu anataka kunisalimia. Faini euro 60. Kosa langu, nililipa, ila usiku ule sikutaka kusikia habari ya kivutio chochote.

Usiku huo ndipo ugomvi ulipotokea, na ninaushukuru. Mwenzetu mmoja ni mtu wa Lindi, kusini mwa Tanzania, mpole, tangu tufike hakuwa amechagua hata chakula. Akasema, "Nimetoka Lindi mpaka Berlin. Mjusi wetu, yule dinosaria, yuko hapa. Kwenye orodha mna hadi duka la chokoleti, mjusi hamna."

Kamanda alinyamaza. Halafu, na hili nampa heshima yake, akazima simu.

Basi siku ya tatu tulikwenda makumbusho ya elimu ya viumbe, mtaa wa Invalidenstraße. Ukiingia tu ukumbini, yuko mbele yako. Mita 13.27 kwenda juu, ghorofa nne hivi. Niliwahi kumsikia shuleni na kwenye hotuba za wanasiasa, lakini shingo ile hakuna hotuba inayoitosha. Ni mifupa ya miaka milioni 150 iliyochimbwa kilima cha Tendaguru, hukohuko Lindi, kati ya 1909 na 1913. Zaidi ya tani 200 za visukuku na mawe yake zilitoka pale. Hapakuwa na lori. Wapagazi wa Kusini walibeba kichwani na mabegani, siku kadhaa kwa miguu hadi bandari ya Lindi. Vita vya Maji Maji vya kumpinga Mjerumani aliyetutawala vilikuwa vimekwisha mwaka 1907 tu, watu wakitoka kwenye njaa. Wataalamu wa Kijerumani ndio waliopata sifa, lakini aliyewasimamia wachimbaji na kujua mfupa unatolewaje bila kuvunjika alikuwa Boheti bin Amrani.

Na sisi tulikuwa tumelipa kiingilio kumwona.

Najua jibu linalotolewa kila mara: mkirudishiwa mtamweka wapi? Hata kwetu wapo wanaolisema, wengine wakiwa na nia njema kabisa. Jibu hilo silipendi. Ni sawa na aliyechukua ng'ombe wako kukuuliza kama una zizi. Zizi ni swali langu, nitalijibu mimi. Pale chini ya ile shingo nikawakumbuka farasi wa lango. Wajerumani walipowafuata Paris, sidhani kama kuna aliyewauliza habari ya zizi.

Kutoka hapo, kwa treni ileile ya chini ya ardhi, njia ya U6, vituo saba tu, unashuka stesheni inayoitwa Afrikanische Straße. (Tiketi niligonga mara mbili.) Ni mtaa wa makazi, kimya, magari yameegeshwa, mzee na mbwa wake. Lakini soma vibao: Sansibarstraße, Tangastraße, Usambarastraße. Majina ya namna hii yalianza enzi za ukoloni, wakati tajiri wa bustani za wanyama, Carl Hagenbeck, alipopanga kuweka pale maonyesho ya wanyama na watu kutoka Afrika. Vita vya 1914 vikaukatisha mpango huo. Barabara moja iliyopewa mwaka 1939 jina la Karl Peters, Mjerumani aliyeanzisha ukoloni wao kwetu, ilibadilishwa jina Agosti 2024, na sehemu yake sasa ni Maji-Maji-Allee. Mtu wa Lindi alisimama chini ya kibao akakisoma kwa sauti, kwa matamshi ya nyumbani, mara tatu.

Jioni tukaishia Brunnenstraße, namba 193. Usipoinamisha macho utakikosa: kijiwe cha kumbukumbu, cha shaba, kwenye njia ya waenda kwa miguu, ukubwa wa kiganja. Ni cha Mahjub bin Adam Mohamed, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1904. Alikuja Berlin 1929 kudai mishahara ya uaskari katika jeshi la Wajerumani, yake na ya baba yake, akanyimwa. Akabaki. Alifanya kazi ya kuhudumu mezani, akafundisha Kiswahili chuo kikuu, akaigiza kwenye filamu, mojawapo ya kumtukuza huyohuyo Karl Peters. Mwaka 1941 Wanazi walimkamata kwa uhusiano na mwanamke Mjerumani. Alifia kambi yao ya mateso ya Sachsenhausen, Novemba 1944.

Tulisimama pale muda mrefu kuliko mahali pengine popote, watu wakitukwepa na baiskeli zao. Tuliongea kuhusu baba zetu, na mafao wanayoyafuatilia ofisi hadi ofisi. Kamanda alisimulia habari ya babake ambayo miaka 15 ya urafiki sikuwahi kuisikia.

Kuba la bunge hatukulipanda. Nafasi zilikuwa zimewekwa kwa majina yetu tangu Machi, saa kumi na mbili jioni ya siku hiyohiyo, na Kamanda bado ananidai hilo.