Vunjajungu Alipokuja Kusali

Balaa lote lilitokana na hesabu, kwa hiyo nianze nayo.

Ukitaka taa ya kibuyu ichore picha ukutani, ukubwa wa kivuli unaupata hivi: chukua umbali kutoka kwenye globu hadi ukutani, gawanya kwa umbali kutoka kwenye globu hadi kwenye umbo linaloziba mwanga. Mimi ukuta wangu ulikuwa sentimita 200 kutoka kwenye globu, na tembo wangu watatu, niliowakata kwa mkasi wa bati kutoka kwenye debe la mafuta ya kula, walikuwa sentimita 10 kutoka kwenye globu. Mia mbili gawanya kwa kumi ni ishirini. Tembo wa sentimita 4 anasimama ukutani akiwa na sentimita 80. Mama mwenye nyumba ya wageni aliyeniagiza taa, hapahapa Iringa mjini, alipoona majaribio alipiga makofi. "Mwanangu, umenihamishia Ruaha sebuleni!" Akalipa nusu papo hapo.

Kibuyu nilikipata kwa mkulima wa upande wa Isimani. Hakifai mpaka kikauke hivi kwamba ukikitikisa mbegu zinacheza kama kayamba, na hilo huchukua miezi. Ganda likiota kuvu nyeusi usikitupe. Kifunike kwa gunia bichi nusu saa, halafu sugua kwa stili waya na kuvu itatoka. Kazi chafu iko ndani. Nilikata mdomo wa juu wa sentimita 8 kwa msumeno wa chuma, nikakwangua utumbo kwa kijiko na msasa namba 80. Vaa barakoa, maana vumbi lile ni chungu na litakukohoza mpaka jirani akuletee tangawizi. Kwa nyuma nikafungua dirisha la duara la sentimita 12, tembo wakasimama hapo wakiwa wameshikiliwa kwa waya mwembamba. Ubavuni nikatoboa nakshi za kuiga vikapu vya milulu, drili ya milimita 2, tundu kwa tundu, kila moja milimita 4 kutoka kwa mwenzake. Mtu akiona mstari ule anasema "kazi safi". Nilisema hivyo mimi mwenyewe, tena kwa sauti.

Globu ndiyo ilinisumbua. Nilianza na ile ya kawaida ya kuokoa umeme, nyeupe kama maziwa, pana sentimita 6. Nikawasha, tembo wakatoweka! Kila sehemu ya globu pana hutupa kivuli chake, vivuli vinapandana, na kwa vipimo vyangu kingo zilikuwa na ukungu wa zaidi ya mita moja. Tembo wa sentimita 80 ndani ya ukungu wa mita ni moshi tu. Inatakiwa globu ambayo mwanga wake unatoka kwenye nukta. Nikaenda duka la vipuri vya pikipiki kuulizia globu ya indiketa, angavu, volti 12, wati 10. Uzi wake wa ndani hauzidi milimita 4 hivi. Muuzaji akaniuliza ni ya pikipiki gani. Nikamwambia ni ya kibuyu. Akanitazama kidogo, akapandisha bei.

Hiyo ilileta ukungu wa sentimita 8 tu, ukaona hadi mkia wa tembo. Umeme nilitumia adapta ya kisimbuzi kilichokufa, volti 12, ampea 2. Globu inakula chini ya ampea moja, kwa hiyo adapta haichemki, na volti 12 hazimrushi mtu hata mtoto akiingiza kidole. Lakini globu yenyewe inachoma. Kwa hiyo kitako, kipande cha paina ya Mufindi, nilikitoboa tundu la milimita 25: hewa baridi iingie chini, ya moto itokee mdomoni juu. Tundu lile lilihitaji kipande cha wavu wa dirishani, stepo nne (pini za stepla). Nikasema nitaweka kesho.

Ilikuwa Desemba, mvua za kwanza zimenyesha, kumbikumbi wanatoka ardhini. Usiku ule niliiacha taa ikiwaka barazani kupima joto kwa saa tano. Asubuhi nikakuta mbawa za kumbikumbi zimejaa ndani, nikazipuliza, nikafunga safari. Sikujiuliza kama kuna mtu alikuwa amekuja kuwala hao kumbikumbi akaona pahali pazuri pa kupanga.

Jioni, meza ndefu, wageni kama ishirini, wakwe wa yule mama kutoka Njombe, na mchungaji kichwani mwa meza. Kuku tayari, ugali tayari. Mama akataka taa iwashwe kwanza, ndipo mchungaji aombee chakula, "ili na tembo wabarikiwe". Taa kubwa zikazimwa. Nikachomeka. Duara la mwanga la mita 2 na sentimita 40 likajaa ukutani, tembo watatu wanatembea. Watu wakasema "aaah". Mchungaji akasema tufumbe macho.

Mimi sikufumba. Fundi akikabidhi kazi hafumbi macho.

Maombi yalikuwa yamefika kwa wasafiri na wagonjwa pale kitu kilipoanza kupanda kutoka chini ya duara. Kwanza pembe mbili nyembamba. Halafu kichwa cha pembetatu, kikubwa kama sinia, kikageuka kushoto, kikageuka kulia. Halafu shingo ndefu, na mikono miwili, imekunjwa kifuani. Tembo wa mbele alikuwa anamfikia kwapani.

Hesabu ilinijia haraka kuliko hofu. Vunjajungu, yule wa majani, sentimita 6 kichwa hadi mkia. Amepanda juu ya holda, sentimita 4 tu kutoka kwenye globu. Mia mbili gawanya kwa nne ni hamsini. Mzima angekuwa mita 3. Dirisha langu lilimkata kiunoni ndiyo maana ilionekana nusu yake ya juu tu, mita moja na nusu, akiyumba taratibu kama anavyoyumba kwenye mhindi. Na kwa sababu nilikuwa nimehangaikia globu kali, unaona mpaka mikono. Ningeacha ile ya maziwa angekuwa kiwingu na tungekula kwa amani.

Mjukuu wa yule mama akafumbua macho. "Bibi," akanong'ona, kwa mnong'ono wa mtoto unaosikika hadi jikoni, "na lile nalo linasali?"

Macho kama arobaini yakafunguka. Mkwe mmoja aliondoka na kiti, hakukisogeza, aliondoka nacho. Mchungaji alisema "Amina" katikati ya sentensi, akaanza upya kwa sauti nyingine kabisa, ya kukemea. Vunjajungu alipoona vurugu akanyoosha mikono.

"Ni mdudu!" nikapiga kelele. "Ni kamdudu tu, namtoa!" Nikaingiza mkono kwa juu, kwenye ule mdomo wa sentimita 8.

Hapo nilisahau hesabu yangu mwenyewe. Mkono wangu nao ulikuwa karibu na globu, sentimita 5 au 6. Waliobaki mezani wakaona kiganja kizito kuliko godoro kinashuka kutoka darini, kila kidole na unene wa nusu mita, kikilifuata lile dubwana. Ndipo na waliokuwa wamejikaza wakatoka.

Mlinzi, mzee mmoja mwenye koti la mvua, akaingia na tochi, akamulika mdomo wa kibuyu, akacheka. "Kijana, huyo ni vunjajungu. Usimguse. Ukimgusa, chombo utakachoshika kitavunjika."

"Nimeshamshika, babu."

"Basi."

Mkono uliingia umenyooka, lakini ngumi yenye vunjajungu ndani haipiti sentimita 8. Nilinaswa kama nyani wa kwenye hadithi, tena globu inanichoma kifundo. Nikavuta. Kibuyu kikaja na mkono, waya ukakazika, kikagonga ukingo wa meza, na ganda likapasuka likifuata ule mstari wa "kazi safi", moja kwa moja kama stempu inavyochanika kwenye matundu yake. Ganda la milimita 6 halivumilii matundu yaliyoachana milimita 4 tu katika mstari mmoja. Weka milimita 10, au yapishanishe. Vunjajungu alitoka mzima, akakaa juu ya kuku, akaanza kujisafisha uso.

"Nilikwambia," alisema mzee.

Kibuyu cha pili kimekamilika mwezi wa tatu. Wavu upo chini na juu, stepo sita badala ya nne. Mama alikataa tembo. Alitaka lile lililosali, na kwa ukubwa uleule. Hilo halikuwa gumu: sentimita 7 na nusu za bati kwenye dirisha, mara ishirini, mita moja na nusu, bila kuusogelea moto. Nikapeleka, nikazima taa kubwa, nikachomeka.

Mama akavuta kiti, akatazama. Akangoja. Mjukuu naye akangoja.

"Amefanana," akasema mwishowe. "Lakini mwanangu, mbona hatingishiki?"

Sasa najaribu kumning'iniza kwa uzi chini ya pangaboi ya karatasi, ili hewa moto ya globu imzungushe. Nimekata mapanga manane, nikayapinda, nikaiweka juu ya mdomo. Wati 10 ni kidogo. Mpaka leo inazunguka nikiipuliza.