Pimeni tope kabla ya kufyeka mboga

Kila kiangazi hoja hiyohiyo hurudi Iringa: vinyungu, yaani bustani za bondeni, viondolewe kandokando ya mto Ruaha Mdogo. Wanaoitoa wana sheria mkononi. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinakataza, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, shughuli za kudumu na zile zinazoweza kuharibu mazingira yake. Tena kingo zilizolimwa humomonyoka kweli, na mrututu, dawa ya ukungu inayopuliziwa nyanya, una shaba, nayo haiozi.

Sawa. Ila mita 60 hazimgusi fundi wa gereji aliye huko juu mjini, ambaye oili chafu yake hushuka na mtaro mpaka bondeni pamoja na vumbi la barabara na betri kuukuu. Mwenye mchicha ndiye anayeonekana, basi ndiye anayefukuzwa.

Halafu tunabishania maji, na maji hupita. Metali nzito zilizomo kwenye uchafu huo, kama risasi na kadmiamu, hushikana na chembe za udongo wa mfinyanzi, zikatulia chini. Chota tope pale mto unapopunguza kasi: jeusi, lanuka yai viza. Weusi huo ni salfaidi, yaani salfa iliyoungana na chuma, na ndiyo iliyozifunga metali nyingi. Lete mtambo wa kuchimbua ulichimbue, ulirundike ukingoni kwa jina la usafi. Likikauka, hewa huivunja salfaidi, metali zikafunguka, mvua ikazirudisha mtoni kwa vibuu na minyoo wanaoliwa na kambale.

Mwaka 1980 Lars Håkanson, mtafiti wa Sweden wa tope la ziwani, alizipa metali uzito kulingana na sumu yake kwa viumbe: zinki 1, shaba na risasi 5, kadmiamu 30, zebaki 40. Uzito huo huzidishwa kwa mara ambazo metali imefikia kiwango chake cha asili, kile cha kabla ya uchafuzi. Hesabu hiyo hainitoki kichwani. Kadmiamu ikifika mara mbili tu ya kiwango cha asili, shaba ya mrututu lazima ifike mara 12 ndipo hatari zilingane. Zinki, mara 60. Na kiwango hicho cha asili kitoke kwenye miamba yetu, si kwenye tope la ziwani huko Ulaya. Mboga za majani, kwa bahati mbaya, hufyonza kadmiamu kwa urahisi kuliko risasi, kwa hiyo mkulima huyu anayeshtakiwa huenda ndiye wa kwanza kuila.

Basi tope la mto lipimwe kabla haujafika mjini, baada ya kila mtaro, kisha baada ya vinyungu. Mbolea za fosfeti nazo hubeba kadmiamu, sikatai. Ikipanda bustanini na si mtaroni, nitaunga mkono kufyeka.