Udongo wa juu wa machimbo: nani aurudishe, na vipi?

Kaunti za magharibi mwa Kenya zinajengwa kwa kuchimbwa. Changarawe ya barabara, mawe ya nyumba za Kisumu, udongo wa matofali Kakamega na Vihiga, mawe ya chokaa kule Koru: vyote vinatoka juu juu ya ardhi, na kinachobaki ni shimo linalojaa maji mvua ikinyesha, watoto wakaogelea humo. Je, mchimbaji alazimishwe kuutenga udongo wa juu kabla hajaanza, auhifadhi, kisha aurudishe akimaliza? Mimi nasema alazimishwe. Lakini wanaopinga wana hoja nzito, na wanastahili kujibiwa kwa hesabu.

Udongo wenyewe ni ule mweusi, mara nyingi sentimita 15 hadi 30 tu. Humo mna mboji, mbegu za nyasi, nyungunyungu, na kuvu wanaoishi mizizini na kuisaidia kufyonza fosforasi. Mkulima wa magharibi anaijua fosforasi hata asipolijua jina lake: ikikosekana, mahindi machanga hugeuka zambarau na kudumaa. Ukipanda kwenye udongo mwekundu wa chini uliofunuliwa na tingatinga, ndivyo utakavyovuna. Hata ukimwaga mbolea ya dukani, udongo huo huishika fosforasi usiiachie mmea.

Sasa hesabu ya wanaopinga, kwanza ya nafasi. Ekari moja ikivuliwa sentimita 20 hutoa takriban mita 800 za ujazo, yaani malori 80 yanayobeba mita 10 kila moja. Yamwagwe wapi? Lundo la kimo cha mita mbili litakalia zaidi ya sehemu ya kumi ya ekari hiyo hiyo, maana pande zake lazima ziteremke. Vihiga, ambako mashamba ni madogo mno, aliyeuza changarawe ili alipe karo hana pa kulundika chochote.

Na akipata mahali, udongo uliolundikwa haukai salama. Ndani ya lundo refu hewa hukosekana, nyungunyungu hufa, kuvu hupungua kadiri muda unavyopita, na siku ya kutandazwa nitrojeni nyingi huchukuliwa na mvua. Ukirudishwa ukiwa umelowa, kwa mashine nzito, hushindiliwa hadi mizizi ishindwe kupenya. Marekani ilipitisha sheria ya kurekebisha ardhi ya makaa ya mawe mwaka 1977, na bado katika milima ya Appalachia kuna maeneo yaliyosawazishwa na kushindiliwa hivi kwamba nyasi ziliota lakini miti ikadumaa.

Mfano wa nyumbani wa kufufua ardhi bila udongo wa juu ni machimbo ya saruji ya Bamburi, Mombasa. Hapakuwa na udongo wa kurudisha. René Haller, mtaalamu wa kilimo wa kampuni hiyo, alianza kupanda mivinje mwaka 1971 kwenye mwamba mtupu wa matumbawe, majongoo wakayasaga majani makavu, na udongo ukaanza kuumbika upya. Ni kazi ninayoiheshimu sana. Lakini kilichoota ni msitu, kwa miaka mingi, kwenye ardhi ya kampuni. Mwenye nusu ekari anataka mahindi na maharagwe.

Hoja ya gharama, ambayo ndiyo hutangulizwa, naiona dhaifu kuliko zote. Mtazame fundi wa matofali. Kabla ya kuchimba huparua tabaka lote la juu kwa jembe, kwa sababu mizizi na mboji vikiingia kwenye tofali huungua tanurini vikaacha matundu. Mhandisi wa barabara naye haitaki changarawe yenye mboji, maana haishindiliki vizuri. Kwa hiyo kazi ya kuuondoa udongo wa juu inafanyika na inalipiwa tayari. Tofauti ni unakotupwa: ukingoni mwa shimo, uchanganyike na vifusi na kuteremshwa na mvua hadi mtoni, au pembeni, peke yake.

Nafasi na uhai wa udongo vinajibiwa na kuchimba kwa vipande. Udongo wa kipande cha kwanza tu ndio unaolundikwa. Wa kipande cha pili unatandazwa moja kwa moja juu ya cha kwanza, kilichokwisha kujazwa vifusi, nao unafika ungali hai. Vifusi ni lazima, kwani sentimita 20 juu ya mwamba mtupu hazistahimili kiangazi. Kazi ifanywe Januari na Februari, udongo ukiwa mkavu, desmodiamu (mmea wa malisho jamii ya kunde) au nyasi zipandwe mvua ya Machi ikianza. Kwenye timbo refu la mawe mpango huu hautoshi, na huko nakubali miti ni jibu bora. Na kwenye mabaki ya dhahabu yenye zebaki, tabaka jipya la udongo halisafishi kitu.

Sheria ya Madini ya 2016 inadai mpango wa kurekebisha ardhi na dhamana ya fedha. Kampuni kubwa inaweza: kule Kwale, Base Titanium ilitenga udongo wa juu na kuurudisha, na ilifunga uchimbaji Desemba 2024. Mwenye shimo la robo ekari hana dhamana ya kuweka. Wa kubanwa ni mwanakandarasi wa barabara, kwa sababu tingatinga lake liko pale pale. Kaunti iandike urudishaji wa udongo katika kandarasi kama kazi inayolipiwa, na sehemu ya malipo izuiwe mpaka msimu mmoja wa mvua upite na mwenye shamba atie sahihi kwamba nyasi zimeshika.