Roki ya wakongwe dhidi ya progu, mnapima nini hasa?

Huu ubishi wa roki ya wakongwe (zile bendi za zamani za gitaa) na progu, yaani progressive rock, roki ya nyimbo ndefu na ngumu, hauishagi. Mmoja anasema Led Zeppelin na AC/DC ndo roki yenyewe, mwingine anamjibu we hujui muziki kaskilize kwanza Yes na King Crimson, na kuanzia hapo ni kejeli tu. Huyu anaona progu ni watu wa kujishaua na vinanda, yule anaona wenzake wanashabikia mpigo mmoja wa gitaa unaorudiwa mpaka wimbo uishe.

Mi naona wote wanapima ugumu, mmoja anausifia mwingine anauchukia, wakati ugumu peke yake hausemi kitu. Swali ni wimbo umeuhitaji huo urefu wake au umejazwa tu?

Chukua Close to the Edge ya Yes, 1972. Dakika 18 na ushee, upande mzima wa sahani ya santuri. Unaanza na sauti za ndege na maji afu ghafla kila mtu anapiga kivyake, besi huku gitaa kule, unaweza kudhani wamegombana, ila kiitikio kikija unakishika mara moja. Katikati panapoa kabisa, kinaingia kinanda cha kanisani, kinanguruma, na kile kiitikio kikirudi mwishoni kimepanda na kinakupiga kwa sababu umekingojea. Kata hizo dakika za katikati uone kama mwisho una nguvu ileile. Hauna.

Sasa bendi hiyohiyo mwaka unaofuata wakatoa Tales from Topographic Oceans, sahani mbili, nyimbo nne tu, kila mmoja unagusa au kupita dakika 18. Humo kuna vipande vitamu sana lakini kuna kuzungukazunguka kwingi, na Rick Wakeman mpiga kinanda wao mwenyewe ilimchosha hadi kwenye shoo moja Manchester akala kari jukwaani wenzake wakiendelea kupiga, na 1974 akajitoa. Yaani mpiga kinanda ana nafasi ya kula mchuzi katikati ya wimbo! Hapo watu wa wakongwe wana hoja, sibishi.

Ila na wao wasijifiche. Hoja yao ya nguvu ni AC/DC, na ni kweli, skiliza mpiga ngoma wao Phil Rudd kwenye Back in Black ya 1980, haongezi kitu, anaacha nafasi kati ya pigo na pigo na hizo nafasi ndo zinafanya gitaa lisikike kubwa vile, wapiga ngoma wengi wenye mbwembwe wangeshindwa kujizuia. Sawa. Lakini Led Zeppelin haohao wanaosifiwa kwa kwenda moja kwa moja, jukwaani Dazed and Confused waliivuta mpaka karibu nusu saa. Hapo mbona hamna anayelalamika?

Malalamiko ya watu wa progu kwamba wamedharauliwa na wenye vyeo vya muziki, hilo nawaunga mkono. Kwenye Rock and Roll Hall of Fame ya Marekani, jumba la kuwaenzi wakubwa wa roki, Led Zeppelin waliingia 1995, AC/DC 2003, Rush, bendi ya progu, wakasubiri hadi 2013 na Yes hadi 2017, wakati Chris Squire mpiga besi wao alishafariki 2015.

Afu mstari wenyewe kati ya wakongwe na progu haupo wazi kivile. Money ya Pink Floyd, 1973, mapigo yake yanahesabiwa saba saba badala ya nne nne za kawaida na watu wanaiimba tu bila kujua, mpaka solo ya gitaa ya David Gilmour inapoanza wanahamia nne nne na unahisi kama wimbo umefunguliwa breki. Stairway to Heaven ya 1971 ina dakika nane, ngoma zinaingia dakika ya nne imeshapita, ingetolewa na Genesis, bendi ya progu, tungeiita progu bila kufikiri.

Kwangu hoja kubwa ya progu ni Rush. Baada ya albamu yao Caress of Steel ya 1975 kutouza kampuni ikataka nyimbo fupi fupi, wao wakarudi 1976 na 2112, dakika 20 upande wa kwanza wote, na hiyo ndo ikawaokoa. Wangeweza kunogewa wakaendelea kurefusha maisha yao yote. Lakini kufika Moving Pictures ya 1981 wana Tom Sawyer, dakika nne na nusu, mapigo yanabadilika njiani, mpiga ngoma wao Neil Peart anafanya vitu vya ajabu kwenye zile ngoma, na bado shabiki wa AC/DC anatikisa kichwa. Ujuzi uleule, wamejifunza kukata.

Kura yangu basi, wimbo kwa wimbo nawapa wakongwe, wana nyimbo nzuri nyingi zaidi na hazikupotezei muda. Ila upande mzima wa sahani, unakaa unaskiliza bila kugusa kitu, hamna mkongwe anayeifikia Close to the Edge, na Zeppelin nawapenda.