Ndege Waliofuata Maji

Taja "The Birds" (Ndege) na watu watakujibu Hitchcock, mwongozaji wa filamu. Filamu yake ya 1963 imeimeza hadithi fupi ya mwandishi Mwingereza Daphne du Maurier, iliyotoka 1952, hata wanaoikumbuka huiita chanzo cha filamu, basi. Naona wameionea.

Filamu ina haki yake. Hitchcock na mwandishi wake wa skripti, Evan Hunter, walibakiza jina na mashambulizi ya ndege, mengine wakatupa. Cornwall, pwani ya Uingereza, ikawa Bodega Bay, California. Nat Hocken, kibarua wa shambani mwenye pensheni ya ulemavu wa vita, akampisha Melanie Daniels, binti wa tajiri. Inaeleweka: nani atakaa karibu saa mbili kumtazama mtu akipigilia mbao madirishani? Na wamelipa fidia. Melanie amekaa kwenye benchi nje ya shule, anavuta sigara, watoto wanaimba darasani. Nyuma yake kunguru mmoja anatua kwenye vyuma vya kuchezea, kisha wengine, naye hana habari. Anamwona mmoja angani, anamfuata kwa macho mpaka anapotua, na vyuma vyote vimekuwa vyeusi. Hapo sina ubishi.

Ubishi wangu ni kuhusu maji. Katika hadithi Nat anatazama baharini akidhani anaona povu la mawimbi, kumbe ni shakwe, maelfu kwa maelfu, wametulia juu ya maji wakisubiri. Taratibu anang'amua kwamba wanashambulia maji yakijaa na kuacha yakipwa. Basi ana muda wa saa sita hivi wa kuziba madirisha, kutafuta chakula na kulaza watoto, halafu zamu yao inarudi. Mimi jambo hili huniogofya kuliko damu yote ya kwenye filamu. Adui asiye na mpangilio unaweza kumwita wazimu ukamaliza. Huyu ana ratiba, na ratiba yenyewe haijali umefanya nini. Filamu iliitupa, ikabakiza jina tu: mkahawa ambamo watu wa Bodega Bay wanajificha unaitwa Tides, yaani kujaa na kupwa kwa maji. Ndani yake mama mmoja aliyepagawa anamgeukia Melanie na kumwambia kwamba yeye ndiye shari, kwa kuwa balaa lilianza alipofika. Mara tunaanza kumtafuta mwenye kosa. Kwa du Maurier wapo wanaonong'ona kwamba Warusi wamewatia ndege sumu, lakini hadithi haiwapi sikio. Mkulima Trigg, aliyelifanyia mzaha jambo lote, anakutwa amekufa karibu na simu yake.

Serikali nayo inarusha ndege zipambane na ndege. (Kwa Kiswahili viambishi tu ndivyo vinavyotuambia nani ni nani: wale wanashambulia, zile zinaanguka.) Nat amewahi kuziba madirisha namna hii, jijini Plymouth, mwanzoni mwa Vita vya Pili vya Dunia. Msomaji wa 1952 alikuwa miaka saba tu kutoka vitani, na alizoea kwamba hata usiku wa mabomu redio ilisema. Hapa BBC inatoa matangazo, inaahidi mengine, kisha kimya.

Wanaoitetea filamu husema nayo inaishia hewani, hata maneno "The End" hayatokei. Kweli. Lakini Melanie na familia aliyo nayo wanaondoka kwa gari katikati ya ndege waliotulia, na redio ya gari hilo bado inatoa habari: kuna mji mbele, kuna mtu anayejua. Nat hana gari wala pa kwenda. Mlangoni ndege wanachana mbao. Amebakiwa na sigara moja. Anaiwasha, anatupa paketi tupu motoni, anaitazama ikiungua.