Maiti dukani, chai mezani

Ni flashi iliyotugombanisha. Tulikuwa barazani kwa mwenzetu, Ngamiani hapa Tanga, tukijadili riwaya ya Jesse Q. Sutanto ya mwaka 2023, Vera Wong's Unsolicited Advice for Murderers, yaani ushauri wa Vera Wong kwa wauaji, ambao hakuna aliyeuomba. Vera ni mjane wa miaka 60, Mchina wa San Francisco, muuza chai aliyekimbiwa na wateja. Asubuhi moja anashuka kutoka ghorofani anakoishi, anakuta maiti ya mwanamume katikati ya duka, flashi mkononi. Kabla polisi hawajaingia, anaizungushia maiti mstari wa maka peni, kisha flashi anaificha. Polisi wakilichukulia jambo lile kwa wepesi, anaanza kupeleleza mwenyewe: kila anayemshuku anamwita, anamlisha na kumpangia maisha.

Mwenzetu aliyewahi kuwa karani wa mahakama alikifunga kitabu papo hapo. "Huyu mama kaharibu ushahidi, halafu mnataka nicheke?" Ana hoja, na si ya kisheria tu. Kwetu ukikuta mtu amefariki unamsitiri, unamfunika hata kwa kanga, unaita watu. Kumchorachora kama kitambaa cha fundi cherehani kunakera. Tena mwandishi amejirahisishia kazi: marehemu, Marshall Chen, ni tapeli aliyewadhulumu karibu wote wanaoshukiwa, kwa hiyo hatumlilii. Kifo kinabaki kuwa fumbo tu. Hapo mimi niko na karani.

Upande wa pili ulishikwa na bi mkubwa wetu, ambaye hakukisoma kitabu. Nakala zilikuwa mbili tu, za Kiingereza, naye alisimuliwa na mjukuu wake. "Wanangu, nyie mnamuona mpelelezi. Mimi namuona mtu ambaye siku inakwisha hajaitwa jina." Akakumbusha kwamba Vera huamka saa kumi na nusu alfajiri na kumtumia mwanawe ujumbe, na mwana, wakili mwenye shughuli zake, hana haja ya kuujibu. Maiti ile ndiyo iliyomletea watu nyumbani. Akiwa anasema hayo alichukua kikombe cha karani, akakijaza chai ya tangawizi bila kumuuliza, akamsogezea na kaimati. Karani akala. Tukacheka, maana alikuwa ameonyesha mbinu nzima ya Vera bila kujua.

Mbinu hiyo ndiyo inayomtenga Vera na wapelelezi tuliowazoea. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, tangu Mzimu wa Watu wa Kale ya 1960, yuko na kiko chake, anachambua jambo kwa akili hadi uongo unajitenga wenyewe. Vera hachambui sana. Anapika, anasubiri, na aliyeshiba anasema. Wenzetu wawili walilalamika kwamba bibi wa namna hii hayupo duniani. Hayupo? Kila mtaa wa Ngamiani unaye, anajua nani kaingia kwa nani na katoka saa ngapi.

Na kwa kuwa tunamjua, tunajua pia madhara yake. Mtu huyohuyo anayekuletea uji ukiumwa ndiye anayeweza kumharibia jina binti wa watu kwa sentensi moja kisimani. Kitabu kinamkemea Vera kidogo kuelekea mwisho, halafu kinamsamehe upesi, kwa kuwa bahati yake ni kupatia. Angekosea je, akamshikilia asiyehusika? Nilitamani walau sura moja ya hilo. Hata hivyo nilikimaliza kwa usiku mbili, na mara mbili niliinuka kwenda kuchemsha maji.

Bi mkubwa alipoulizwa kuhusu sura hiyo alijibu kwamba kama Vera angekosea angepika tena, akaombe radhi. Karani amekichukua kitabu upya, kwa sharti kwamba asiambiwe muuaji. Tuliomaliza tumekula yamini. Mjukuu wa bi mkubwa ndiye hatuna uhakika naye.