"Damu ya baba yake hiyo": tunawahukumu watoto kabla hawajaishi

Kuna sentensi moja nimeisikia misibani, nimeisikia kwenye vikao vya ukoo, shuleni, mpaka kwenye benchi la kliniki, na kila nikiisikia moyo unachafuka: "Usihangaike na huyo mtoto, hiyo damu ya baba yake." Inasemwa kwa upole kabisa, kama vile mtu anakufariji, alafu waliokaa pale wanaitikia eeh ndiyo, maji hufuata mkondo, mtoto wa nyoka ni nyoka, na mazungumzo yanaishia hapo. Mara nyingi mtoto mwenyewe yupo palepale anasikia.

Mimi nasema sentensi hii inaumiza watoto na wala si kweli kwa namna tunavyoitumia. Ila naomba nieleweke vizuri, sisemi kwamba binadamu anazaliwa mtupu alafu sisi wazazi ndio tunamjaza kila kitu. Yeyote aliyelea watoto wawili anajua hilo haliwezekani. Tumbo moja, titi moja, nyumba moja, lakini mmoja akibebwa na mgeni analia mpaka anapaliwa na mwenzake anamvua mgeni miwani huku anacheka, na hakuna aliyewafundisha. Profesa mmoja wa Harvard, Jerome Kagan, alikaa na jambo hili miaka mingi sana. Aliwachukua watoto wa miezi minne, akawaonyesha vitu vya rangi vinavyoning'inia, akawasikilizisha sauti wasizozizoea, akakuta kama mmoja kati ya watano anarusha mikono na miguu na kulia wakati wengine wengi wametulia tu. Akawafuatilia mpaka wakawa vijana wakubwa. Sasa kilichotokea ndicho kinachonivutia mimi: wengi wa wale waliokuwa wanashtuka hawakuishia kuwa watu waoga wa kujificha, lakini pia ilikuwa nadra kumkuta mmoja wao amegeuka kuwa yule mtu wa mbele mbele asiyeogopa chochote. Yaani walichozaliwa nacho kilikuwepo bado, kimewawekea mipaka fulani, ila hakikuwachagulia maisha.

Alafu kuna stori ya mapacha wawili ambayo kama hujawahi kuisikia naomba uisome taratibu. Jack Yufe na Oskar Stöhr walizaliwa 1933 Port of Spain, Trinidad, baba Myahudi na mama Mkatoliki wa Kijerumani. Mapacha wa kufanana kabisa. Wakiwa na miezi sita wazazi wakaachana, mama akaondoka na Oskar kwenda Ujerumani, Jack akabaki na baba. Kwa hiyo fikiria mwaka 1933 ni mwaka gani pale Ujerumani, Hitler ndio kaingia madarakani. Oskar akakua Mkatoliki, akaingia kwenye umoja wa vijana wa Hitler. Jack akalelewa kama Myahudi huko Karibiani na baadaye akaenda Israeli akatumikia jeshi la majini. Damu ileile!

Walikutana mara ya kwanza 1954 na inasemekana hawakupendana kivile, alafu 1979 wakaitwa chuo kikuu cha Minnesota ambako Thomas Bouchard alikuwa anakusanya mapacha waliotenganishwa utotoni. Na hapo ndipo watu walipigwa butwaa maana wale wanaume wawili walikuwa na vitabia vilevile ambavyo huwezi kusema wamefundishana: wote walikuwa wanavaa rababendi mkononi, wote wanachovya mkate wa siagi kwenye kahawa, wote wanavuta maji ya choo kabla ya kutumia na baada ya kutumia, wote walikuwa wanapenda kupiga chafya kubwa mbele za watu ili waone wanavyoshtuka. Wote wenye hasira za haraka.

Watu wanaosimulia stori hii huwa wanaishia kwenye chafya na rababendi na kusema unaona, ni damu tu. Mi naona wameacha nusu nzito zaidi. Mmoja alipiga saluti kwa Hitler akiwa mtoto, mwenzake alilelewa kuwa mmoja wa wale ambao watu haohao walikuwa wanawaua. Uchangamfu, hasira, namna ya kucheka, namna ya kula, sawa, walikuja navyo duniani. Lakini nani ni adui yangu, nani ni mwenzangu, kipi kinanitia aibu, nasali vipi, naililia nchi gani, vyote hivyo walipewa na watu waliowalea. Na ukiniuliza mtu ni nani hasa, mimi nitakuuliza anamtendea nini jirani yake kabla sijauliza anapigaje chafya.

Sasa kuna namba inapenda kutajwa sana kwenye mambo haya. Mwaka 2015 ulichapishwa utafiti uliojumlisha tafiti za mapacha za miaka 50 hivi, jozi zaidi ya milioni 14, na wastani ukatoka asilimia 49, yaani karibu nusu ya tofauti kati ya watu inaelezwa na vinasaba. Watu wakisikia hivyo wanadhani maana yake nusu yako ni damu na nusu ni malezi. Siyo hivyo jamani. Namba ile inazungumzia tofauti kati ya mtu na mtu katika kundi fulani linaloishi maisha fulani, haimgawi mtu mmoja vipande. Chukua urefu, ambao ni wa kurithi kuliko tabia yoyote utakayonitajia, wanasema kama asilimia 80. Pamoja na hayo wanawake wa Korea Kusini waliozaliwa 1996 ni warefu kwa karibu sentimita 20 kuliko wale waliozaliwa 1896. Vinasaba vya taifa havibadiliki hivyo ndani ya miaka 100, kilichobadilika ni chakula, ni afya, ni maisha. Sasa kama urefu wenyewe unaweza kusogea kiasi hicho, wewe unapata wapi uhakika wa kumwambia mtoto wa miaka saba kwamba ataishia jela kama baba yake?

Na kabla hujasema ni maneno tu, wacha nikwambie maneno haya yalipofika pale yalipopewa sheria. Virginia, Marekani, msichana anaitwa Carrie Buck, kazaliwa 1906. Mama yake aliwekwa kwenye taasisi ya watu walioitwa wenye akili pungufu, Carrie akalelewa na familia nyingine. Akiwa na miaka 17 akabakwa na ndugu wa hiyohiyo familia, akapata mimba, na ile familia badala ya kumtetea ikampeleka naye kwenye taasisi ileile ya mama yake. Mtoto aliyemzaa alikuwa wa kike, Vivian. Mtoto hajafikisha hata mwaka, mtu wa ustawi wa jamii akaenda kutoa ushahidi kwamba akimwangalia anaona kabisa hayupo kawaida. Mtoto mchanga! Basi kesi ikapanda mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani na 1927 majaji wanane kwa mmoja wakaruhusu Carrie akatwe asizae tena, kwa hoja kwamba bibi, mama na mtoto, vizazi vitatu vya wapumbavu vinatosha. Kwa sheria za namna hiyo watu zaidi ya 60,000 wakafungwa uzazi Marekani. Na Vivian? Alianza shule, 1931 jina lake likawa kwenye orodha ya wanafunzi waliofanya vizuri, mwaka uliofuata akaugua akafariki ana miaka minane. Mimi nikifikiria yule mtoto koo linanikaba. Walimsoma uso akiwa kwenye nepi na wakaandika mwisho wake, na alikuwa hana kasoro yoyote.

Wengi wetu tunapotetea habari ya damu tunaiegemeza kwenye dini, kwamba roho ya mtu Mungu ndiye anaiumba, basi alivyo ndivyo alivyo. Mimi naamini roho, sina shida hata kidogo na hilo, naamini kila mtoto anakuja na kitu chake ambacho mama hakukiweka. Ila roho na damu ya ukoo ni vitu viwili. Ndugu zetu Waislamu wanafundishwa kwamba kila mtoto anazaliwa katika fitra, safi, na Kurani inasema mbebaji habebi mzigo wa mwingine. Sisi Wakristo tunaye Ezekieli, sura ya 18, mwana hatauchukua uovu wa baba yake. Sasa hii imani kwamba mtoto anatoka tumboni na uovu wa babake mgongoni imetoka kitabu gani? Tuseme ukweli, imetoka kwenye uchovu wetu. Kulea mtoto mgumu kunachosha na ukishasema damu unakuwa umepewa ruhusa ya kupumzika.

Naandika kwa uchungu kwa sababu ninalea mtoto wa marehemu dada yangu. Baba yake alikuwa mtu wa pombe na ngumi, mtaa mzima unamjua, akaishia kufungwa. Kijana ana hasira, sitaficha. Akionewa, au akiona mdogo wake anaonewa, macho yanabadilika. Shule mwalimu mmoja aliwahi kuandika kwenye ripoti kwamba tabia yake inaonekana ya kurithi. Lakini huyuhuyu kijana akipewa redio iliyokufa anaifungua anaifufua, vilevile alivyokuwa baba yangu mzee, hata anavyong'ata ulimi akichomelea waya ni yeye mtupu, na hapo sijasikia mtu akisema damu. Hapo wanasema amejitahidi. Na dada yangu mwenyewe alikuwa moto, sisi tuliolala naye kitanda kimoja tunajua, ila hakuna anayemtaja kwa sababu kwa wageni alikuwa mpole na sasa ni marehemu. Kwa hiyo unakuta tunachagua, kizuri cha mtoto ni juhudi zake au baraka, kibaya ni damu, tena damu ya upande usiokuwepo kikaoni kujitetea.

Hasira yake siwezi kuitoa na sijaribu. Nilichokifanya ni kumwambia wazi kwamba anayo, kwamba hata mama yake alikuwa nayo, na kwamba akiisikia inapanda aondoke, asiombe ruhusa, atoke tu hata kama ni katikati ya chakula, mama mdogo hatauliza. Mwanzo alikuwa anabamiza mlango mpaka bawaba ikalegea. Siku hizi anatoka, anazunguka, anarudi anakula. Hajawa mtoto mpole na hatakuwa, na mimi sitaki ajifanye.

Maana hata upande wa pili wapo wanaokosea, wale wanaoamini mtoto unaweza kumtengeneza utakavyo. Mtoto mkimya anachapwa ili achangamke, anayependa mpira anafungiwa ndani awe daktari. Hao nao wanamuumiza mtoto kwa kukataa kuona aliyeletwa kwao.

Lakini kinachoniogopesha zaidi ni mtoto kukosa mtu kabisa. Romania wakati wa dikteta Ceaușescu, 1966 walipiga marufuku utoaji mimba, watu wakazaa watoto wasioweza kuwalea, na utawala ulipoanguka 1989 dunia ikakuta watoto zaidi ya 100,000 kwenye vituo vya serikali, vitanda vimepangwa mistari, wanalishwa na kubadilishwa kwa ratiba ila hakuna wa kuwabeba. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti wa Marekani wakiwemo Charles Nelson na Charles Zeanah walifuatilia watoto 136 pale Bucharest, kwa kura nusu wakatafutiwa familia za kuwalea na nusu wakaendelea na utaratibu wa kawaida wa vituo. (Ile kura inaniumiza mpaka leo, lakini bila utafiti huo hata hizo familia zisingetafutwa.) Waliopata familia walipiga hatua kwenye lugha, kwenye akili, kwenye kumng'ang'ania mtu wao, na waliopata kabla ya miaka miwili wakiwa na miaka minane umeme wa ubongo wao ulikuwa unafanana na wa watoto ambao hawajawahi kulala kituoni. Hao watoto walizaliwa na roho kamili kila mmoja. Kilichokosekana ni mikono.

Na watu wazima je? Maana sentensi hii hatuwapi watoto peke yao, tunajipa na wenyewe. Mwanaume anampiga mkewe alafu anakaa mbele ya wazee anasema mimi hasira zangu ni za kuzaliwa, hata marehemu baba alikuwa hivi, na wazee wanatikisa kichwa. Mimi nawaomba wazee wetu wamuulize swali moja tu kabla hawajamwambia mwanamke avumilie: hizo hasira za kuzaliwa, bosi wako alishawahi kuziona? Trafiki akikusimamisha barabarani zinakuwa wapi? Kwa bosi anazimeza, kwa trafiki anaita afande na anatabasamu, akifika nyumbani kwake ndipo anaikumbuka damu ya baba yake.

Huyo tusimtafutie babu. Tumwambie aache, na mkewe akitaka kuondoka wazee wamsaidie kubeba mizigo.